Nilijifunza Kutafuta Pesa kwa Mwanangu

Mwezi Julai 2024, shule zilipofungwa kwa likizo ndefu, kaka yangu alituletea nyumbani kompyuta yake ya zamani. Alisema kwamba yeye amekwisha kununua nyingine, na hiyo itawafaa wapwa zake kwa kuandikia na kuchezea. Niliipokea kwa shingo upande. Baba watoto alikuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu Novemba 2023, pamoja na polisi wenzake katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, na mzigo wote wa malezi ulikuwa mabegani mwangu. Nilihofu kwamba mtambo ule utamvuta mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aache vitabu.

Hofu yangu haikuwa ya bure. Siku ya tatu nilirudi kutoka ofisini jioni, nikamkuta amekaa mbele ya kioo cha mtambo huo, chai yake imepoa pembeni. Nilimwuliza anafanya nini. Akanijibu bila kugeuka:

"Mama, natafuta pesa."

Neno lile lilinichoma moyoni, kwa sababu mimi pia nilikuwa natafuta pesa usiku na mchana, wala sikuwa nazipata. Sababu yake nitaieleza hapo mbele, kwani ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwanza, ndugu msomaji, niruhusu nikueleze mchezo wenyewe.

Kanuni za shindano

Mchezo huo unaitwa The Sims. Aliyeubuni ni Mmarekani, Will Wright, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000. Hauna bunduki wala mbio za magari. Mchezaji humwumba mtu, akamweka katika nyumba, kisha akamwongoza katika maisha ya kila siku. Mtu huyo ana haja sita: chakula, usingizi, choo, usafi, maongezi na burudani. Ikipungua mojawapo hununa, na kazi yake huharibika. Toleo la nne lilitoka mwaka 2014, na tangu Oktoba 2022 sehemu yake ya msingi hutolewa bila malipo. Ndiyo maana mjomba wa watoto aliweza kuutia katika kompyuta ile pasipo kutoa hata faranga moja.

Kwa desturi, mtu mmoja katika mchezo huo huanza maisha akiwa na 20,000 za fedha za huko, ambazo huitwa Simoleon. Lakini wachezaji wenyewe wamejitungia mashindano yaliyo magumu zaidi, na aliloshika mwanangu ni lile la kutoka katika ufukara hadi utajiri. Mtu huwekwa katika kiwanja kitupu, na fedha zake zote hufutwa. Hana kazi, hana kitanda, hana jiko. Anatakiwa ajenge nyumba na kuishi vizuri kwa jasho lake mwenyewe. Yako maneno ya siri katika mchezo huo, na liko moja ambalo likiandikwa mchezaji hupewa 50,000 papo hapo. Kanuni za shindano zinayakataza kabisa.

Mwanangu alimpa mtu wake jina la Sifuri.

Mikono mitupu

Siku za kwanza za Sifuri zilinichekesha. Alilala juu ya benchi katika bustani ya mji. Alioga katika nyumba ya mazoezi ya mwili, kwa kuwa bafu za huko ni za watu wote. Alisoma katika maktaba ya mji. Kutwa kucha alikuwa akiokota: matunda ya porini, vyura wa kando ya dimbwi, samaki wa mtoni, na mawe ambayo yakivunjwa hutoa madini. Kila alichookota alikiuza.

Nilimwuliza mwanangu, "Mbona humtafutii kazi ya mshahara kama watu wengine?"

"Mshahara wa mwanzo ni mdogo, Mama, na unamchukulia mchana wote. Acha kwanza aokote apate mtaji."

Nilivuta kiti nikakaa. Niliona kwamba Sifuri hakuuza kila tunda alilochuma. Baadhi aliyapanda katika kiwanja chake, akayamwagilia na kuyapalilia, na kadiri alivyoyatunza ndivyo mavuno yake yalivyopanda daraja na bei. Baadaye alijifunza kubebesha mimea: alitwaa kikonyo cha ua fulani akakipandikiza kwenye mstroberi, akapata tunda jipya lenye bei kubwa kuliko yote mawili. Mimi niliyesomea ualimu, nikafundisha elimu ya kilimo katika shule ya msingi kabla ya kuhamia kazi ya ofisi, sikuwahi kuona somo la kubebesha likimwingia mtoto upesi namna ile.

Fedha zilipofika kiasi, kitu cha kwanza alichonunua Sifuri hakikuwa kitanda. Kilikuwa ubao wa kuchorea picha. Picha yake ya kwanza ilikuwa mbaya, ikauzwa kwa fedha ndogo. Ya kumi ilikuwa nzuri zaidi. Ubao haukubadilika wala rangi hazikubadilika. Mkono ndio uliojifunza. Hapo nilielewa kwamba katika shindano hili njia za kupata pesa ni tatu, nazo zina mpango wake: kwanza unaokota kwa mikono mitupu, pili unapanda sehemu ya ulichookota, tatu unanunua chombo cha kukuza ujuzi wako. Starehe inakuja nyuma ya hayo yote.

Taa zilipozimika

Lakini mtoto ni mtoto. Siku moja ya Jumamosi, tuliporudi kutoka kazi za umuganda, mwanangu aliona Sifuri amekuwa na fedha nyingi. Akasahau mpango. Akamjengea nyumba yenye madirisha mapana ya vioo, akatandika zulia, akaweka televisheni kubwa ukutani. Alifurahi sana, akawaita wadogo zake waje kutazama.

Katika mchezo huo, hati ya madai ya umeme na maji huletwa kila wiki, na kiasi chake hufuata thamani ya nyumba na vilivyomo. Aliyekuwa akilala kwenye benchi hakudaiwa sana. Mwenye madirisha ya vioo alidaiwa sana. Hati ilipokuja Sifuri hakuwa na cha kulipa, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimegeuzwa zulia na televisheni. Umeme ukakatwa. Baada ya umeme, maji nayo yakakatwa. Sifuri akawa ameketi gizani mbele ya televisheni yake kubwa isiyowaka. Mwanangu alilazimika kuviuza vile vitu, na kila kimoja kiliuzwa kwa bei pungufu ya ile aliyonunulia.

Aliinama, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nimekosea, Mama. Nimejenga nyumba kabla ya shamba."

Niliinuka nikaenda jikoni, nikafunga mlango. Maneno yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nayabeba kifuani kwa miezi miwili, nikashindwa kumwambia mtu yeyote. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ameyatamka kwa pumzi moja.

Duka langu la vioo

Sasa, ndugu msomaji, nifike kwenye aibu yangu.

Baba watoto alipoondoka Novemba 2023, tuliagana kwamba nyumba yetu tuliyoanza kuijenga pembezoni mwa mji itaezekwa kabla hajarudi. Mimi moyoni nilitaka kumshangaza. Nilitaka arudi akute nina duka. Mwezi Desemba nilichukua mkopo wa faranga 1,200,000 uliodhaminiwa na mshahara wangu, wa kulipwa kwa miezi kumi na minane. Kuanzia Januari 2024 nikawa nakatwa faranga 75,000 kila mwezi. Yeye nilimwambia nimeanza biashara ndogo ya nguo za watoto. Habari za mkopo sikumwambia.

Nilikodi chumba kwenye barabara iendayo soko la Kimironko. Nililipa kodi ya miezi kadhaa mbele. Nilinunua kabati za vioo na kioo kirefu cha kujitazamia kwa faranga 420,000. Nikaandikisha kibao chenye rangi tatu. Fedha iliyobaki ya kununulia nguo zenyewe ilikuwa ndogo, na msichana niliyemwajiri alishinda akipangusa vioo. Watu waliingia, wakajitazama, wakatoka. Akina mama wa Kimironko si wajinga: nguo ile ile waliipata hatua mia mbili mbele, sokoni, kwa bei nafuu, kwa sababu muuzaji wa pale hakuwa na vioo vya kulipia.

Mwezi Machi baba watoto alituma faranga 600,000 za kununulia mabati. Nilijiambia nitazikopa kwa wiki mbili tu. Zikaingia katika kodi na katika mshahara wa msichana, hazikutoka tena. Mwishoni mwa Mei nililifunga duka. Kabati za vioo zikaletwa nyumbani, zikasimamishwa ukumbini, na watoto waliwekewa humo vikombe. Baba watoto alipopiga simu kuuliza habari za mabati, nilisema bei imepanda, ninasubiri ishuke.

Mwezi Juni rafiki mmoja alinialika katika mpango ambao, kwa maelezo yake, mtu huweka fedha, huleta watu wengine wawili, na baada ya mwezi fedha zake huwa maradufu. Nilikaribia kukubali. Leo nikifikiri, naona lilikuwa lile neno la siri ambalo kanuni za shindano zinalikataza. Katika mchezo, fedha za neno la siri hazitoki mfukoni mwa mtu. Katika mipango ya namna hii hutoka kwa jirani yako aliyeingia baada yako, nawe ndiwe uliyemwita.

Sifuri yenye kiwanja

Mama yangu mzazi aliishi nasi mwaka ule. Watoto walimwita mbele ya kompyuta aone Sifuri akichora picha. Wakamweleza kwamba mtu huyu ameanza bila kitu. Bibi yao alitazama kwa muda mrefu, mikono ameiweka magotini, kisha akasema:

"Huyu si maskini. Ana kiwanja, hana deni, na hana wa kumlilia."

Watoto walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilijua anasema nini. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mama yangu alianza maisha upya hapa Kigali, katika chumba kimoja kisicho na mlango huko Gikondo, akiwa na watoto watano ambao watatu tu ndio aliowazaa. Mimi nilikuwa na umri wa miaka mitano. Sifuri yake haikuwa ya mchezo.

Alianza kwa kuwapikia uji mafundi waliokuwa wakitengeneza nyumba. Maparachichi aliyatwaa kwa mali kauli alfajiri na kulipa jioni. Kisha wanawake tisa, wengi wao wajane, walifanya ikimina, yaani kikundi cha kuwekeana fedha kwa zamu. Kila Jumapili kila mmoja alitoa sarafu chache, na mmoja aliondoka na zote. Zamu ya mama ilipofika, sisi watoto tulijua atanunua kitanda, kwa sababu tulikuwa tunalala juu ya mkeka. Alirudi na cherehani. Tulilala juu ya mkeka mwaka mwingine mzima, na cherehani ile ndiyo iliyonilipia ada mpaka nikapata cheti cha ualimu.

Nilimweleza mama jambo nililolisoma kuhusu mtu aliyebuni mchezo huo. Mwaka 1991 moto mkubwa uliteketeza vilima vya Oakland, huko California, na nyumba ya Will Wright ikaungua pamoja na nyingine. Alipokuwa anajenga upya maisha yake, akawa anapima ni kitu gani cha kununua kwanza na kwa sababu gani, na katika mawazo hayo mchezo ulizaliwa. Mama aliitika kwa kichwa. "Basi anajua," alisema. "Lakini kijana wake huyu hana majirani wa kweli. Haji mtu kumwomba mchango wa harusi wala wa msiba, na yeye akiumwa hakuna wa kumletea uji."

Kwa maoni yangu mama aligusa upungufu mkubwa wa mchezo huo. Sifuri anaweza kuwa na rafiki wa kuzungumza naye, lakini hana ikimina. Fedha zake zote ni zake peke yake. Sisi hatuishi hivyo, na pengine tusingepona kama tungeishi hivyo.

Upo upungufu mwingine. Katika mchezo siku nzima ni dakika ishirini na nne za saa yetu ya ukutani. Mtu anapanda asubuhi na kuvuna kabla ya chakula cha jioni. Isitoshe, mchezaji aliyekosea anaweza kurudi pale alipohifadhi mchezo wake na kuanza tena kana kwamba hakukosea. Mimi Machi yangu haikurudi. Mabati yalikuwa yameliwa.

Daftari

Usiku ule nilichukua daftari la shule lililobakiwa na kurasa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Niliandika deni lote: makato manane yalikuwa yamekwisha kulipwa ifikapo Agosti, yamebaki kumi, yaani faranga 750,000. Niliandika na faranga 600,000 za mabati, ingawa hakuna aliyekuwa akinidai kwa barua. Jumla yake ni 1,350,000. Kuiona kwa wino ilinitisha, lakini tangu hapo nililala.

Kisha nikafuata mpango wa Sifuri, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuokota, maana yake kukusanya kile kisichohitaji mtaji. Nilikuwa napanda pikipiki ya abiria kwenda na kurudi kazini kwa faranga 800 kwa siku. Nikaanza kutembea, kwa siku ishirini za kazi hizo ni faranga 16,000. Niliacha kulipia watoto michezo ya kulipiwa, nikawapeleka Jumapili zile ambazo barabara kuu za Kigali hufungwa magari yasipite ili watu wafanye mazoezi, desturi iliyoanza mwaka 2016. Niliwaandikisha kusoma katika Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2012. Sifuri hakuona haya kuoga katika bafu za mji. Mimi nione haya kwa nini?

Hatua ya pili ni kupanda. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na kipande cha ardhi chenye majani matupu. Tulitengeneza bustani ya jikoni, ile tunayoiita akarima k'igikoni, ya matuta ya duara yaliyoinuliwa kwa mawe. Tulipanda mchicha, vitunguu, karoti na nyanya, na maji ya kuoshea mboga ndiyo tuliyomwagilia. Mchicha ulikuwa tayari baada ya wiki chache. Mambo mengine yalituchelewesha. Nilijaribu na uyoga pia, lakini chumba chetu cha stoo kilikuwa na joto, ukaoza wote, nikajifunza kutopanda nisichokifahamu. Kwa jumla tuliokoa yapata faranga 3,000 kwa wiki zilizokuwa zikienda sokoni.

Hatua ya tatu ni ujuzi. Nilijiuliza: ubao wangu wa kuchorea ni upi? Jibu lilikuwa ukutani, ndani ya fremu: cheti cha ualimu. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi. Wafanyabiashara wanakihitaji wanapoagiza mizigo Dar es Salaam au Mombasa. Niliomba ruhusa kwa mkuu wangu wa kazi, akaniruhusu kufundisha baada ya saa za ofisi. Nilipata wanafunzi saba, wawili wao wake wa askari. Kila mmoja alilipa faranga 2,000 kwa wiki. Sikuhitaji chumba wala kibao cha rangi tatu. Walikaa ukumbini petu, kwenye mikeka ya mama.

Kabati za vioo niliziuza pamoja na kile kioo kirefu kwa faranga 180,000. Nilizinunua kwa 420,000. Fedha hizo niliziweka katika fungu la mabati, nisiziguse.

Ukikusanya pamoja, masomo yaliniletea faranga 56,000 kwa mwezi, bustani iliokoa 12,000, miguu yangu iliokoa 16,000. Jumla ni 84,000, ilhali makato yalikuwa 75,000. Ziada ya 9,000 niliipeleka katika ikimina ya mtaa, ambayo kwa miaka mingi nilikuwa naidharau kwa kuona ni ya wasiokuwa na mshahara. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini nasema kweli, kibaba hicho hakikuwa kinajaa wakati nilipokuwa namficha mtu wa kukishika pamoja nami.

Simu ya Jumapili

Katikati ya Agosti nilimpigia baba watoto. Nilimwambia yote kwa utaratibu, nikisoma kutoka daftarini: mkopo, duka, kabati, mabati, na uongo wa kwamba bei imepanda. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nitakupigia Jumapili." Ilikuwa Alhamisi. Siku zile tatu nilizihesabu kwa saa.

Jumapili alipiga. Hakufoka. Alisema, "Mama watoto, katika kazi yetu taarifa mbaya ikifika mapema, watu hupona. Ikichelewa, watu hufa. Ungeniambia Machi." Nilijibu kwamba ni kweli, sina la kujitetea. Akaniomba nimsomee tena hesabu za daftari, na nilipofika penye wanafunzi saba akaniuliza wanalipa kila wiki au kila mwezi. Hapo nilijua amekwisha kuvua hasira na kuvaa kazi.

Alinieleza pia jambo ambalo sikulijua. Jioni huko walikokuwa, yeye na wenzake walicheza igisoro, mchezo wetu wa mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne. "Unajua kanuni yake," alisema. "Ukikamata kete za mwenzako huziweki mfukoni. Unazirudisha ubaoni na kuzipanda upya upande wako. Wewe ulizinunulia kabati." Alicheka kidogo. Mimi nililia, lakini kilio chenye nafuu.

Alirudi Novemba 2024. Kwa muda alikuwa akiliomba daftari kila jioni, na kila alipolifungua nilijisikia kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Hiyo ilikuwa sehemu ya malipo yangu. Kisha siku moja aliandika mstari wake mwenyewe: sigara alizoacha, na kiasi. Makato ya mwisho ya mkopo yalitoka Juni 2025. Mwezi uliofuata tuliezeka sehemu ya mbele ya nyumba. Vyumba viwili vya nyuma vilisubiri, na hatukuvikopea.

Kwa familia za walio kazini

Naandika haya hasa kwa ajili yenu wake na waume wa askari na polisi. Mwenzako anapokuwa mbali, posho ya safari hufika ikiwa nene kuliko mshahara uliouzoea, na yule wa kukuuliza hayupo. Majaribu ni mengi. Vipo vyombo vizuri vya kutuhifadhi: chama cha akiba na mikopo cha Zigama, kilichoanzishwa mwaka 1997, kinahudumia wanajeshi, polisi na askari magereza, na jina lake kwa Kinyarwanda ni agizo tosha, yaani weka akiba. Raia nao wana vyama vyao katika tarafa zao. Lakini chombo hakimzuii mtu anayeficha.

Kwa hiyo kabla ya kukopa, jiulizeni wawili pamoja: fedha hii inakwenda katika shamba au katika madirisha? Tunaweza kuanza kwa mikono mitupu tukapima soko kwanza? Ni ujuzi gani tulionao ambao hauhitaji kodi ya chumba? Na ikitokea hasara, nani ataambiwa, na lini? Swali hili la mwisho mimi sikujiuliza, nalo ndilo lililonigharimu kuliko kabati zote.

Mwanangu hachezi tena shindano lile. Sifuri wake alifika mwisho wake, ana nyumba ya ghorofa na bustani ya maua ya thamani. Siku ya mwisho nilimwuliza, "Sasa amekuwa tajiri, atafanya nini?" Akafikiri, akasema hajui, mchezo hausemi. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, akamjibu kwamba sasa ndio wakati wa kumtafutia majirani.